Mtungi wa nitroksi umerudi na baa 60: njia nne za kuujaza tena

Boti imerudi saa saba mchana. Mitungi imeshushwa ufukweni Bamburi na kupangwa chini ya mkungu, kila mmoja na salio lake la gesi, kwa presha inayopimwa kwa baa: huu baa 60, ule 45, wa tatu 110 kwa sababu mwenyewe sikio lilimkataa akapanda mapema. Yote ina tepu iliyoandikwa 32, yaani nitroksi yenye oksijeni asilimia 32. Kesho asubuhi inatakiwa isome baa 200 na mchanganyiko uwe 32 vilevile, maana safari ni ya Dania, meli iliyolala chini ya bahari.

Anayejaza ana njia nne. Anaweza kuutoa mtungi gesi yote akaanza upya. Anaweza kuhesabu kilichobaki akaongeza oksijeni kisha hewa. Anaweza kuongeza hewa tupu na kukubali mchanganyiko hafifu. Au anaweza kujazia nitroksi iliyochanganywa tayari. Nimezitumia zote nne kwa miaka, na kila mara naulizwa ipi bora. Jibu hutegemea mambo mawili ambayo watu hawayaangalii pamoja: kilichobaki ndani ya mtungi wa mzamiaji, na kilichobaki ndani ya silinda ya oksijeni iliyosimama ukutani.

Nawaandikia wanaojaza mitungi na wazamiaji wenye mitungi yao wenyewe ambao wangependa kujua wanalipia nini. Kama hujafunzwa kuchanganya gesi, soma uelewe, lakini mkono wako usishike valvu ya oksijeni. Oksijeni safi yenye presha ikikutana na mafuta huwaka, na moto wake haukupi nafasi ya kukimbia.

Kwa nini asilimia chache ni jambo kubwa

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Nitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni ili naitrojeni ipungue, mzamiaji akae chini muda mrefu zaidi kabla ya kufikia kikomo. Lakini oksijeni nayo ina kikomo chake. Wengi wetu hatuvuki presha ya oksijeni ya baa 1.4 wakati wa kuzamia.

Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, na mchanga inaoulalia uko karibu mita 30. Hapo presha inayokuzunguka ni baa 4. Ukiwa na 32, oksijeni unayovuta ina presha ya baa 1.28, na kikomo chako ni karibu mita 33. Ukiwa na 36, presha ni baa 1.44 na kikomo chako kilikuwa mita 28, tayari umekipita. Na ukiwa na 29 huku kompyuta ya kuzamia iliyo mkononi imewekewa 32, oksijeni haikudhuru, ila kompyuta inahesabu naitrojeni pungufu kuliko ile inayoingia mwilini. Kosa la kuzidi linakutia hatarini ukiwa chini, na la kupungua linakusubiri ukipanda juu. Kwa hiyo mchanganyiko uliosogea zaidi ya asilimia moja kutoka kwenye lengo hatuuandiki kama tulivyotaka uwe. Tunauandika ulivyo, au tunaurekebisha.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: hesabu yake na kosa linapoweza kuingilia, oksijeni inayotumika, vifaa na usalama, muda, na anayefaa kuitumia. Mfano wangu utakuwa ule ule kote: mtungi wa lita 12 wenye baa 60 za 32 zilizobaki, unatakiwa ufike baa 200 za 32.

Kabla ya njia yoyote, pima masalio

Msimu mmoja nilipokea mtungi wenye baa 70, tepu safi, mwandiko mzuri: 32. Nilikuwa na haraka, mitungi mingine kumi inangoja. Nikaiamini tepu, nikapiga hesabu, nikaingiza baa 18 za oksijeni, nikajaza hewa hadi 200. Ulipopoa nikapima. Kipimo cha oksijeni kikasoma 29.6. Nikadhani kipimo kimekosea, nikakirekebisha upya, kikasoma 29.6 tena.

“Ami, si tepu yasema 32?” akauliza kijana aliyekuwa akinisaidia.

Tepu ilisema 32. Nikairudisha hesabu kinyumenyume nikapata kwamba yale masalio yalikuwa kama 25. Mteja alipokuja akakumbuka: wiki iliyotangulia aliongezewa hewa mahali pengine, na hakuna aliyebandua tepu. Tangu siku hiyo mtungi haujazwi mbele yangu kabla masalio yake kupita kwenye kipimo. Ni kazi ya dakika moja, na hesabu yote ya baadaye imesimama juu yake.

Na kipimo chenyewe kinataka uangalifu wa kwetu Pwani. Wengi hukirekebisha kwa hewa inayowazunguka na kukiambia hii ni 20.9. Sasa hewa ya Mombasa kwa joto la nyuzi 30 imejaa mvuke, na mvuke huo unachukua nafasi ya oksijeni. Unyevu ukiwa asilimia 80, oksijeni halisi katika hewa hiyo ni karibu 20.2. Ukikirekebisha hapo, mchanganyiko wa 32 utasomeka 33. Dawa ni rahisi: weka mtungi mmoja wa hewa ya kawaida iliyopitia kompresa, ambayo imekaushwa, na urekebishie hapo kila asubuhi. Usirekebishie kwa upepo wa baharini.

Jambo la pili ni joto. Mtungi uliolala juani kwenye boti ukasoma baa 60 kwa nyuzi 45, ukiingia kivulini ukafika nyuzi 30 utasoma 57. Uache upoe ndipo uandike namba.

Njia ya kwanza: kutoa yote na kuanza upya

Hesabu. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtungi mtupu unaotakiwa ufike baa 200 za 32 unahitaji baa 28 za oksijeni, kisha hewa hadi 200. Namba hiyo haibadiliki, unaweza kuiandika ukutani kwa chaki. Kilichokuwa ndani hakina neno tena, kwa hiyo chanzo kimoja kikubwa cha makosa kimeondoka. Usiutoe mpaka sifuri kabisa, hata hivyo. Acha baa chache ili unyevu usiingie ndani. Baa 3 au 5 zilizobaki hazisogezi jibu kwa kiasi cha kukutia wasiwasi.

Oksijeni inayotumika. Baa 28 katika lita 12 ni lita 334. Na katika zile baa 60 ulizoziachia hewani kulikuwa na lita 230 za oksijeni zilizokwisha kulipiwa. Inauma kuisikiliza ikitoka.

Vifaa na usalama. Oksijeni safi inaingia kwenye mtungi, kwa hiyo mtungi na valvu lazima viwe vimesafishwa kwa kazi ya oksijeni, na hewa ya kompresa lazima iwe imechujwa mara ya pili isibaki na mafuta. Oksijeni huingizwa polepole kwa valvu ya sindano, kama baa 5 kwa dakika, kamwe si kwa valvu inayofunguka kwa mkupuo. Masharti haya ni yale yale kwa njia ya pili. Faida moja ya njia hii ni kwamba oksijeni inaanza kuingia kwenye mtungi wenye presha ndogo sana, na faida hiyo nitaieleza zaidi mbele kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Muda. Kutoa gesi taratibu, mtungi baada ya mtungi, kunakula mchana. Ukiiachia kwa nguvu valvu inapiga barafu, hata kwa joto letu.

Inamfaa nani. Anayepokea mtungi ambao hajui mchanganyiko uliomo, ila usafi wake ana uhakika nao. Anayebadilisha mchanganyiko kabisa. Anayejifunza, ambaye bado hajaiamini hesabu yake. Na yule ambaye silinda yake ya oksijeni imeshuka presha.

Njia ya pili: kuhesabu masalio, kuongeza oksijeni kisha hewa

Hesabu. Hapa ndipo watu hukimbilia simu, na hakuna ubaya, lakini hesabu yenyewe inatosha nyuma ya bahasha. Chukua asilimia unayoitaka, toa 21, zidisha kwa presha ya mwisho. Chukua asilimia iliyomo, toa 21, zidisha kwa presha iliyobaki. Jibu la kwanza ondoa la pili, kisha gawanya kwa 79. Unachopata ni baa za oksijeni za kuongeza.

Kwa mfano wetu: 32 toa 21 ni 11, mara 200 ni 2200. Masalio nayo ni 11 mara 60, yaani 660. 2200 toa 660 ni 1540. Gawanya kwa 79, unapata baa 19.5. Kwa hiyo ingiza oksijeni kutoka 60 hadi 79.5, kisha hewa mpaka 200.

Tunatoa 21 kwa sababu hewa tunayojazia mwishoni inaleta 21 yake yenyewe, na tunachohesabu ni ile ziada tu. Tunagawanya kwa 79 kwa sababu kila baa ya oksijeni safi inaleta ziada ya 79 juu ya hewa. Ukielewa hivyo hutahitaji kukariri, na programu ikikupa jibu la ajabu utalitambua.

Kuna jibu moja ambalo huwashtua wanaoanza: namba hasi. Mzamiaji amerudi na baa 100 za 36 na kesho anataka 28. 28 toa 21 ni 7, mara 200 ni 1400. 36 toa 21 ni 15, mara 100 ni 1500. Tofauti ni hasi 100. Maana yake oksijeni iliyomo tayari inazidi mahitaji, na hata ukijaza hewa tupu hutafika chini kwenye 28. Lazima upunguze kwanza. Gawanya 1400 kwa 15, unapata 93. Achia mtungi ushuke hadi baa 93, jaza hewa tupu hadi 200, na 28 yako imepatikana bila hata tone la oksijeni.

Kosa linaingilia wapi? Kwanza kwenye masalio, nimeshalisema. Pili kwenye geji. Ukizidisha oksijeni kwa baa 3 tu, mchanganyiko wa mwisho unapanda kwa karibu asilimia 1.2. Geji kubwa ya mshale yenye alama kila baa 10 haiwezi kukupa baa 19.5, itakupa makisio. Kwa njia hii geji ya namba si anasa.

Oksijeni inayotumika. Baa 19.5 katika lita 12 ni lita 234. Umeokoa lita 100 kwa kila mtungi ukilinganisha na njia ya kwanza.

Vifaa na usalama. Masharti ni yale ya njia ya kwanza, na kuna moja zaidi. Ili oksijeni iingie hadi 79.5, silinda ya oksijeni lazima iwe na presha zaidi ya hiyo. Ikishuka chini ya baa 80 haiwezi kuufikisha mtungi huu hapo, labda uwe na pampu ya kuongeza presha ya oksijeni, na pampu hiyo ina bei yake na mafunzo yake. Halafu, kwa kuwa hutoi gesi, uchafu uliomo humo ndani unabaki humo humo. Mtungi uliojazwa hewa isiyochujwa vizuri mahali pengine haupaswi kupewa oksijeni safi mpaka usafishwe, hata kama kibandiko chake kinasema umesafishwa.

Muda. Hakuna kungoja gesi itoke, lakini kila mtungi una hesabu yake. Mitungi kumi yenye masalio kumi tofauti ni hesabu kumi, na mchovu wa jioni hukosea ya saba. Mimi huandika kwa chaki kwenye kila mtungi namba tatu kabla ya kufungua chochote: kilichobaki, oksijeni ikomee wapi, hewa ikomee wapi. Mwenzangu huzisoma kwa sauti.

Inamfaa nani. Kituo chenye mitungi yake yenyewe inayorudi mahali pamoja, ambapo historia ya kila mmoja inajulikana, na silinda ya oksijeni bado imejaa. Pia anayetaka michanganyiko tofauti siku moja: 32 kwa huyu, 28 kwa yule.

Njia ya tatu: kuongeza hewa tupu

Hesabu. Asilimia iliyomo mara presha iliyobaki, jumlisha 21 mara hewa uliyoongeza, gawanya kwa presha ya mwisho. Kwetu ni 32 mara 60, jumlisha 21 mara 140, gawanya kwa 200, unapata 24.3. Ukirudi tena na baa 60 za hiyo ukaongeza hewa, unabaki na 22. Mara ya tatu una hewa yenye jina kubwa.

Oksijeni inayotumika. Hakuna.

Vifaa na usalama. Hakuna oksijeni safi inayoguswa, kwa hiyo hofu ya moto imeondoka. Lakini pana mtego. Mtungi uliosafishwa kwa oksijeni ukijazwa hewa ya kompresa isiyo na kichujio cha pili, usafi wake umekwisha, na kabla ya kurudi kwenye njia ya kwanza au ya pili inabidi usafishwe upya. Watu huiona njia hii kuwa ya bure, kisha gharama inakuja mwezi unaofuata kwa fundi. Mtego wa pili ni tepu. 24.3 ndani ya mtungi wenye tepu ya 32 ni hatari halisi, kwa sababu kompyuta ya mzamiaji itaamini inachoambiwa. Bandua ya zamani kabla ya kuunganisha paipu, si baada.

Muda. Ni njia ya haraka. Kujaza, kupoa, kupima, kuandika.

Inamfaa nani. Mwalimu anayefundisha wanaoanza ndani ya mwamba, kina cha mita 10 au 12, ambako hewa yenyewe inatosha na 24 ni nyongeza tu. Anayefaa pia ni yule ambaye kesho anakwenda kina ambacho 32 ingemzidia, kwani 24 kwa kikomo cha 1.4 inaruhusu kina kinachopita mita 45, mbali kuliko wengi wetu walivyofunzwa kwenda. Siipendekezi kwa anayezamia mara tatu kwa siku akitegemea nitroksi imlinde na naitrojeni. Faida aliyoilipia imeyeyuka.

Njia ya nne: kujazia nitroksi iliyochanganywa tayari

Hapa nitroksi inatengenezwa kabla ya kufika kwenye mtungi. Kuna wanaoingiza oksijeni kidogo kidogo kwenye hewa inayoingia kompresa, wakaipima hapo hapo. Kuna wanaotumia kichujio maalumu kinachotoa sehemu ya naitrojeni kwenye hewa, hawahitaji silinda ya oksijeni hata moja. Mchanganyiko huhifadhiwa kwenye silinda kubwa, kisha mitungi hujazwa humo.

Hesabu. Kama masalio ni 32 na unajazia 32, hakuna hesabu. Kama masalio ni tofauti, ni wastani tu. Baa 60 za 36 ukizijazia 32 hadi 200 zinakupa 33.2. Baa 60 za hewa zinakupa 28.7. Utaona kwamba makosa ya masalio hapa yanasogeza jibu kidogo, na upande wa juu hayavuki mbali. Hata hivyo kupima kunabaki palepale.

Oksijeni inayotumika. Kwa njia ya kompresa ni lita 234 kwa mtungi, sawa na njia ya pili. Tofauti ni kwamba oksijeni inaingia kwa presha ndogo, kwa hiyo silinda inatumika karibu yote.

Vifaa na usalama. Mtungi wa mzamiaji haukutani na oksijeni safi. Desturi ya wengi ni kwamba chini ya asilimia 40 vifaa vya kawaida vinakubalika, ingawa wapo watengenezaji wa vifaa wanaoweka kikomo chao chini zaidi, na neno la mtengenezaji ndilo la kufuata. Hatari yenyewe imehamia kwenye kompresa. Oksijeni isiyochanganyika vizuri kabla ya kuingia, au mafuta yasiyofaa ndani ya mashine, ni mlipuko. Kompresa lazima iwe imeruhusiwa na aliyeitengeneza kwa kazi hiyo. Na mtambo wote una gharama kubwa ya kuanzia, na stima ikikatika mchana kazi imesimama.

Muda. Ukishakuwa na akiba, mtungi unajazwa haraka kama wa hewa. Ila akiba nayo hushuka presha, na akiba ya baa 150 haiwezi kujaza mtungi hadi 200.

Inamfaa nani. Kituo chenye wageni wengi wa 32 kila siku msimu wa kaskazi. Anayetaka 28 au 36 atasubiri, au atahudumiwa kwa njia nyingine.

Silinda moja ya oksijeni inajaza mitungi mingapi?

Hapa ndipo nilipobadilisha mazoea yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa miaka niliamini kwamba kutoa gesi ni ubadhirifu na kuhesabu masalio ni uangalifu. Siku moja nikakaa na kalamu.

Chukua silinda ya oksijeni ya lita 50 yenye baa 200. Ukitumia njia ya kwanza, unaweza kuitumia mpaka ishuke baa 28, ukitoa lita 334 kwa kila mtungi. Ukitumia njia ya pili unatoa lita 234 tu, lakini unakwama silinda ikiwa bado na baa 80. Matokeo, bila kuhesabu joto wala uvujaji, ni haya:

Kutoa yote kila mara: mitungi 25.
Kuhesabu masalio kila mara: mitungi 25.
Kuhesabu masalio mpaka silinda ishuke baa 80, kisha kutoa yote kwa inayofuata: mitungi 33.
Kuingiza oksijeni kupitia kompresa: mitungi kama 40.

Mbili za kwanza ni sawa kabisa. Akiba yote niliyojivunia ilikuwa inarudi kiwandani ndani ya silinda niliyosema imekwisha huku ina baa 80. Na silinda ikiwa imeletwa na baa 150 badala ya 200, mambo yanageuka: kutoa yote kunakupa mitungi 18, kuhesabu masalio kunakupa 15.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila asubuhi ni la geji ya oksijeni. Ikiwa juu, hesabu masalio na uanze na mitungi yenye salio kubwa. Ikiwa chini, shika mitungi iliyorudi karibu mitupu, na ile yenye salio ipunguze. Si lazima kupunguza hadi mwisho: mtungi ulioshushwa kutoka 60 hadi 30 unahitaji baa 23.7 za oksijeni, kwa hiyo silinda yenye baa 55 bado inauhudumia. Ukiwa na silinda mbili, tumia iliyoshuka kuanzia na iliyojaa kumalizia.

Kalamu, jedwali au simu

Kalamu inakufunza, na inakuonyesha namba hasi inapokuja. Jedwali la ukutani ni la haraka kwa anayejaza 32 peke yake: safu ya masalio kila baa 10, oksijeni ikomee wapi. Programu ya simu inashinda zote pale masalio na lengo vinapotofautiana, lakini ipe kwanza mfano wa baa 60 hapo juu. Ikijibu karibu 19.5 mko pamoja. Ikitofautiana kidogo huenda inahesabu hewa kama 20.9 au inazingatia jinsi gesi halisi zinavyobanika. Ikitofautiana sana, tafuta namba uliyoingiza vibaya.

Uchague lipi, kwa hali yako

Una kituo kidogo, mitungi yako mwenyewe, silinda moja ya oksijeni: changanya njia ya pili na ya kwanza kwa kufuata geji, kama nilivyoeleza.

Kituo kina mitungi zaidi ya ishirini kwa siku na karibu wote wanataka 32: piga hesabu ya kompresa ya kuchanganya au kichujio cha naitrojeni. Kwa kazi nyingi hivyo oksijeni na saa za watu zinaanza kulipa mtambo. Kusi ukivuma na wageni wakipungua, mtambo utakaa, na hilo nalo lihesabu.

Umeletewa mtungi wa mgeni, tepu imefifia, hajui ulijazwa wapi mwisho: pima, na kama huna uhakika na usafi wake usiupe oksijeni safi kwa njia yoyote. Ujazie mchanganyiko wa tayari kama unao. Kama huna, hewa, na tepu mpya.

Kesho ni mafunzo ya kina kifupi na oksijeni imebaki kidogo: ongeza hewa iliyochujwa mara mbili, andika 24 au chochote kipimo kitakachosema, na oksijeni iliyobaki iweke kwa wa Dania.

Na kama wewe ni mzamiaji unayekuja kuchukua mtungi wako: usiupokee kwa neno la mdomo. Omba kipimo, uliza kimerekebishiwa hewa gani, pima mwenyewe huku aliyejaza akitazama. Andika kwenye tepu asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina lako, uweke kompyuta yako kwa namba hiyo hiyo kabla hujapanda boti.